Ndoa za Ugogo: Kutoka Zizini Hadi Daftarini

Kabla ya karatasi kufika Ugogo, nchi ya Wagogo katika eneo la Dodoma, kumbukumbu ya ndoa ilikaa zizini. Peter Rigby, mtaalamu wa anthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1969, alieleza jinsi ng'ombe wa mahari walivyochangwa na ndugu wengi wa mume, kisha wakagawanywa kwa ndugu wengi wa mke, wajomba wakiwemo. Kila aliyepata fungu lake akawa shahidi mwenye masilahi. Ndoa ikivunjika, ilijulikana nani adaiwe nini.

Ila zizi huteketea. Njaa ya Mtunya, iliyoanza Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, iliua watu na mifugo na kuwatawanya walionusurika. Shahidi akifa au akihama, ushahidi huondoka naye.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876, na baadaye wakafungua kituo Mvumi. Daftari lao la ndoa lilikuwa kwanza kwa faida ya kanisa: padri alitaka kujua nani ameoa na nani bado.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ndiyo iliyoweka ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya msajili mmoja. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hata mke aliyepo anaweza kupinga mumewe kuongeza mwingine, kwa hoja kwamba kipato hakitoshi, au kwamba mgeni huyo ataleta mfarakano nyumbani. Ni nadra kukuta sheria inayoijua nyumba kiasi hicho!

Waliooana kimila walipewa siku 30 za kwenda kusajili. Vijijini wengi hawakwenda, na sheria haikuwaadhibu kwa kuifuta ndoa yao: isiposajiliwa bado ni ndoa. Kifungu cha 160 kinaongeza kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kuwa mke na mume, hudhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huruma hiyo ina gharama. Mjane asiye na cheti huanza kuwasaka majirani waje kusema waliyoyaona, huku shemeji zake wakigawana mashamba. Mwenye cheti huweka karatasi mezani, mirathi ikaendelea.

Dodoma ya leo imekipa cheti kazi nyingine. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kishindo mwaka 2016, viwanja vimepanda thamani, na wanaouza au kuweka rehani nyumba ya familia ni wengi. Kifungu cha 59 hakimruhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anayehofia nyumba kuuzwa kwa siri anaweza, akiwa na cheti chake, kuweka zuio kwenye hati ya nyumba hiyo kwa msajili wa hati.