Riwaya ya upelelezi ambayo Kilwa haijaandikiwa



Kuna ubishi unaojirudia kila waandishi wa habari tunapokutana kwenye chai. Eti riwaya zetu za upelelezi ni James Hadley Chase na James Bond waliofundishwa Kiswahili, basi. Mzungu kabuni, sisi tumenakili. Mimi sikubali, na leo nitasema kwa nini. Sababu zangu nyingi zinatoka huku kwetu Pande, wilaya ya Kilwa.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Baba wa fani hii ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mwanahabari, na baadaye alihariri gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Ni kweli kwamba Bwana Msa na kiko chake anamkumbusha mtu Sherlock Holmes, na Najum yuko pembeni kama Watson. Lakini hebu tazama maiti imekutwa wapi: mzimuni, mahali ambapo watu wanaogopa hata kukohoa. Huku kwetu tunaijua mizimu, tunajua nani hupeleka ubani na nani hupita mbali. Kuficha uovu nyuma ya heshima ya wazee ni ulaghai ambao Mwingereza wa London asingeubuni. Huo ni wetu.

Halafu akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, mwaka 1965. John Simbamwene akatoa Kwa Sababu ya Pesa mwaka 1972, jina ambalo lingeweza kubandikwa kwenye nusu ya kesi zilizopo mahakamani mpaka leo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na hapo tamaa ikavuka mipaka: wasaliti wanauza siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ilikuwa na makao Dar es Salaam, kwa hiyo msomaji hakuwa anasoma ndoto. (Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na baadaye akaongoza chama cha wafanyabiashara wenye viwanda na kilimo, TCCIA. Mtu aliyejua pesa inavyozungumza.)

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ndiye kipenzi changu. Pesa Zako Zinanuka ilitoka miaka ya 1980, nchi ikiwa bado inaukumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sabuni ilikuwa inapatikana kwa kujuana, halafu unasikia mtu kakutwa na shehena chini ya kitanda. Unamhitaji Chase wa nini hapo?

Vitabu hivi vilifika Pande vikiwa vimepita mikononi mwa watu wengi. Jalada halipo, kurasa za mwisho zimeng'oka. Kuna riwaya moja ambayo mpaka leo muuaji wake simjui!

Sasa nije kwenye hoja yangu. Bara hapa tumetazamana na visiwa vya Songo Mnara na Sanje ya Kati, na Kilwa Kisiwani yenyewe iko kaskazini kidogo. Watalii wanapelekwa kuona magofu na kuambiwa habari za dhahabu na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331. Sawa. Lakini hawaambiwi kisa cha Muhammad Ankoni, na hicho ndicho kisa ambacho Mtobwa angekikimbilia.

Sikiliza. Mwishoni mwa karne ya 15 Kilwa inatawaliwa na Amiri Ibrahim, aliyepata madaraka baada ya sultani al-Fudail kuuawa, na mkono uliomwua ni wake. Mwaka 1502 Vasco da Gama anatia nanga na mizinga yake, anadai kodi ya dhahabu. Ibrahim anakubali, na kama dhamana anamtoa tajiri mmoja wa mji, Muhammad Ankoni. Uungwana huo? Hapana! Ibrahim alikuwa anamwogopa Ankoni, na kodi hakuileta. Alitaka Mreno amwondolee adui bila yeye kushika kisu. Ankoni akajikomboa kwa dhahabu ya mfukoni mwake, akarudi nyumbani. Jiulize alirudi na moyo gani.

Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida anauvamia mji na kuupora. Ibrahim anakimbilia bara. Nani anavikwa taji? Ankoni yule yule, tena kwa taji lililokuwa limeandaliwa kwa mfalme wa Cochin, India. Ankoni akatoa sharti: mrithi wake awe mtoto wa al-Fudail aliyeuawa. Hapa ndipo ninapomheshimu, ingawa sijui kama ni haki au hesabu kali ya siasa. Labda vyote viwili.

Hakukaa mwaka mzima vizuri. Mwaka 1506 aliuawa kwa hila, na aliyemtega alikuwa mtawala wa bara aliye jamaa yake Ibrahim. Mwanawe, Haji Hasan, akapewa kiti, akatumia mali kulipiza kisasi cha baba yake mpaka watu wakamchoka, akaondolewa. Kiti kikaenda kwa yule mtoto wa al-Fudail. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao, na nadhani umeshabahatisha nani alirudi kutawala. Ibrahim. Mzee mzima, na mikono yake ile ile.

Kama huo ungekuwa mswada, mhariri angesema umezidisha chumvi.

Na hiyo ni sura moja. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja piasta 20, na juu yake sultani apate piasta 2 kwa kila kichwa. Zile mbili huwa zinanikaa kooni kuliko ishirini. Bei ni biashara, lakini zile mbili zina jina tunalolijua vizuri maofisini.

Sura ya karibu kabisa ni ya magogo. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na barabara iliyokuwa taabu ikawa njia. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti kuhusu mbao za kusini: hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ilipaswa kuyakusanya yalikuwa yanapotea. Mahali pengine wanakijiji walipata kama sehemu moja ya mia ya bei ambayo gogo liliuzwa nje. Mpingo na mninga wa Kilwa, babu yangu! Vibali vilikuwepo, mihuri ilikuwepo, nyundo ya kugonga alama ilikuwepo. Ulaghai wa siku hizi hauna bastola, una karatasi zilizokamilika. Ndiyo maana ni mgumu kuuandika kuliko mauaji.

Siyo kwamba vijiji vilikaa kimya. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi, vijiji vya wilaya yetu hii, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili, vya kwanza Afrika kwa misitu inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Wazee waliopima miti yao mmoja mmoja na kuandika namba daftarini wamefanya upelelezi ambao Bwana Msa angeufurahia.

Lakini riwaya yake haipo. Willy Gamba alikwenda mbali kuwasaka wasaliti, Joram Kiango wa Mtobwa akazunguka na mji, na hakuna aliyeshuka Nangurukuru. Kwa hiyo nimenunua daftari. Sura ya kwanza ni usiku, kizuizi cha barabarani, lori limefunikwa turubai. Askari wa misitu anamulika tochi na kuhesabu kwa sauti mpaka thelathini na moja. Karani, bila kuinua kichwa, anaandika kumi na mbili.