Meli Zilizopita Ukambani

Msomaji kijana, ukiifungua ramani ya Kenya na kuzitazama Kitui na Makueni, hutaona bahari wala ziwa kubwa. Utaona nchi ya vilima na mibuyu, na mito ambayo mingi yake hugeuka mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Ni nani angedhani kwamba nchi kama hiyo ina sehemu yake katika historia ya meli? Hata hivyo meli za chuma zimepita hapa. Hazikupita majini. Zilipita vipande vipande, kwanza kwa njia ya misafara na baadaye kwa gari moshi, kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria.

Safari hiyo iliwatia waundaji wa meli katika mtihani mgumu. Meli ya baharini huundwa ufuoni, kisha hushushwa majini, na tangu siku hiyo uzito wake hubebwa na maji. Meli ya ziwani ilipaswa kwanza kuwa mzigo wa nchi kavu. Ilitakiwa iwe nyepesi hata iweze kuchukuliwa mamia ya maili, na iwe imara hata iweze kustahimili tufani. Wepesi na uimara ni mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Na tuone basi yalivyopatanishwa.

Tuanze na mwili wa chombo. Kila jahazi la Lamu au Mombasa lina mkuku, ambao ni uti wake wa mgongo; lina mataruma, ambayo ni mbavu zake; na lina mbao, ambazo ni ngozi yake. Meli ya chuma ina viungo hivyo hivyo, ila ngozi yake ni mabamba ya chuma. Kwa kijana wa Ukambani uko mfano mwingine ulio karibu zaidi, nao ni nyumba ya kale ya miti na fito, iliyoezekwa kwa nyasi. Nyasi huzuia mvua, lakini nguvu ya nyumba imo katika miti na fito zilivyofungwa pamoja. Katika meli, mabamba nayo husaidia kubeba uzito. Lakini bamba jembamba lisilo na taruma nyuma yake hukunjamana kama karatasi.

Sasa tuzungumze juu ya kipimo cha mzigo. Kabla ya reli, bidhaa nyingi za bara zilipita mabegani mwa watu. Wakamba waliijua kazi hiyo vizuri. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu hadi Mombasa, na mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye alimkaribisha mmisionari Krapf mwaka 1849. Mzigo wa mpagazi katika Afrika ya Mashariki ulikuwa wastani wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kwa hiyo aliyetaka kupeleka meli bara ilimpasa kuikata katika vipande vya frasila mbili mbili kadiri alivyoweza. Kabla ya mawimbi kuipima meli, ilikwisha kupimwa na bega la mtu.

Yafaa tukumbuke kwamba wepesi peke yake ni hatari. Mwaka 1858 David Livingstone alileta katika Mto Zambezi stima ndogo iliyoitwa Ma Robert, kwa jina ambalo wenyeji walimpa mkewe. Ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kuundwa kwa chuma cha pua, na mabamba yake yalifanywa membamba mno ili iwe nyepesi. Kutu iliyala mabamba hayo kwa upesi, yakatoboka huku na huku, na kabla ya mwaka 1860 kwisha stima hiyo ilizama. Waundaji wake waliupata wepesi kwa kuipunguza ngozi, na ngozi ikawaponza.

Mafundi waliofuata walitafuta njia ya busara zaidi. Mwaka 1875 stima Ilala, iliyoundwa na Yarrow wa London, ilifunguliwa vipande karibu na maporomoko ya Mto Shire. Mamia ya wapagazi waliyapita maporomoko hayo kwa miguu wakiwa na vipande hivyo, kisha stima ikaunganishwa tena na kuingia Ziwa Nyasa. Ilidumu kazini kwa miaka mingi.

Busara hiyo ni ipi? Chukua rula yako ya mbao. Tuseme ina unene wa milimita 3 na upana wa milimita 30. Ilaze bapa juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha uibonyeze katikati. Itapinda mara moja. Sasa isimamishe kwa ubavu wake uibonyeze tena. Haitaki kupinda. Mbao ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini ikisimama ina nguvu mara 10 kuliko ikilala, na ukaidi wake wa kutopinda ni mara 100. Hapo ndipo ilipo siri yote. Nguvu ya mhimili haitokani na wingi wa chuma tu, bali na mahali chuma kilipowekwa. Mhimili unapopinda, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na katikati hapapati taabu kubwa. Basi mwenye akili huweka chuma kingi juu na chini, akapunguza katikati.

Kijana wa Makindu, Kibwezi au Emali hana haja ya kwenda ng'ambo kuuona ukweli huo. Na atazame ncha ya kipande cha reli ya zamani kilichowekwa kando. Ataona kichwa kinene, kitako kipana, na kiuno chembamba kati yao. Mataruma ya meli yalifanywa kwa hesabu iyo hiyo. Badala ya fimbo nzito za chuma, mafundi walitumia vyuma vilivyokunjwa pembe mfano wa herufi L, vikaunganishwa kwa ribiti na mabamba yaliyosimama.

Tena meli nzima ni mhimili mmoja mkubwa. Wimbi likiinua tumbo lake, omo na tezi huning'inia, na mgongo hutaka kupinda. Mawimbi mawili yakishika omo na tezi, tumbo ndilo linaloning'inia. Sitaha ni kichwa cha reli, sakafu ya meli ni kitako chake, na mbavu za meli ni kiuno. Lakini mataruma ya desturi hukata meli kwa upana, kama mbavu za ng'ombe. Hayasaidii sana meli isivunjike kwa urefu. Brunel alilitambua hilo alipoibuni Great Eastern, iliyoshushwa majini mwaka 1858. Mwaka 1906 Mwingereza Joseph Isherwood akasajili utaratibu wake: mataruma mengi yapite kwa urefu toka omo hadi tezi, na yale ya upana yawe machache na yenye nguvu. Meli ya kwanza ya namna hiyo, Paul Paix, ilikamilika mwaka 1908. Chuma kilipungua, uimara ukabaki. Kwa lugha ya nyumba yetu ya kale, Isherwood aliongeza fito akapunguza miti.

Turudi Ukambani. Stima William Mackinnon iliundwa Paisley, huko Scotland. Iliunganishwa kwa muda, kila kipande kikapewa nambari, kisha ikafunguliwa na kuletwa Mombasa. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Ilifika Makindu mwaka 1898, Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Hivyo vipande vilipofika mwisho wa reli viliendelea kwa njia ya nchi kavu, na stima ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900.

Miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Mvua zilikosekana, na Ukambani ikapatwa na njaa kubwa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Watu wengi walikufa, wakati garimoshi lilipokuwa likipita na vyuma na mchele wa vibarua. Fikiri basi, msomaji, maana ya uzito katika nyakati kama hizo. Mpagazi hula njiani, na chakula chake nacho ni mzigo. Kila frasila ya chuma isiyo na faida ilikuwa frasila ya nafaka iliyokosa bega. Katika hesabu za muundaji huko Paisley ilikuwa tarakimu tu. Njiani ilikuwa jasho la mtu.

Reli ilipokamilika, kipimo kikabadilika. Gari la reli likachukua mahali pa bega, na meli zikakua. Ng'ambo ya mpaka, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilifika Kigoma katika masanduku 5,000, na baadaye ikaitwa Liemba. Kampuni ya Yarrow, iliyounda Ilala, ndiyo iliyounda vipande vya Victoria, ambayo ilianza kazi katika Ziwa Viktoria mwaka 1961. Katika miaka ya 2020 meli kubwa Uhuru II imeundwa Kisumu kwenyewe, na mikono ya mafundi wa Kenya imo kazini.

Msomaji, usidhani kwamba elimu ya kuunda vyombo ni urithi wa watu wa pwani peke yao. Aliyeelewa kwa nini rula iliyosimama haipindi ameshika mwanzo wake, naye aweza kuutumia katika daraja la mto wa kwao, katika paa la shule, au katika mnara wa tangi la maji. Lakini kabla ya kuandika tarakimu ya mwisho, na ajiulize swali ambalo njia ya Makueni iliwauliza waundaji wa kale: Je, chuma hiki kina kazi gani, na ni nani atakayekibeba?