Faida ya Kusubiri Mbalizi

Abiria anayekwama Uwanja wa Ndege wa Songwe kwa saa tatu au nne, akisubiri ukungu utawanyike au usafiri wa kumfikisha Tunduma au Kyela, huzihesabu saa hizo kuwa hasara. Atakaa kitini, atachungulia simu, atanunua soda, na safari ikianza tena atasema hajafika popote. Lakini nchi hii ya Usafwa, kuanzia Mbeya mjini hadi Mbalizi na Songwe, imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa wakielekea kwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na msemo huo una sharti ambalo hatulitaji: lazima mgeni na mwenyeji wakutane. Historia ya safari za hapa inaonyesha kwamba saa za kusubiri zilizaa faida pale tu sharti hilo lilipotimizwa.

Tuanze na Utengule, jirani kabisa na Mbalizi. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, mtawala Merere wa Usangu, aliyesukumwa na nguvu ya Wahehe kutoka Iringa, alihamishia makao yake huko na kujenga ngome. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani walimfuata. Msafara wa miguu wenye mamia ya wapagazi haukuweza kupita kimyakimya: ulihitaji unga, maji, kuni, wapagazi wapya na ruhusa ya mtawala. Kila siku ya kupiga kambi ilikuwa siku ya soko, na bei ilipangwa uso kwa uso. Si kwamba ulikuwa wakati mwema, maana biashara hiyo ilitembea pamoja na vita na utumwa. Ila kwa habari ya kusubiri, msafiri alikuwa mikononi mwa wenyeji, na hakuwa na njia ya kuwakwepa.

Ndege ilipokuja ilileta kusubiri kwa namna nyingine. Januari 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya barua kutoka London hadi Cape Town, na abiria wakafuata mwaka huohuo. Baada ya Nairobi ndege ilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na kuendelea kusini. Safari nzima ilichukua siku 11 hivi, kwa kuwa ndege za wakati ule hazikusafiri usiku na matangi yake yalikauka upesi. Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 na kuchangamshwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya, ukajikuta kwenye ramani ya dunia. Lakini abiria wachache waliomudu nauli ile walitoka ndegeni wakaingia mezani kwa Wazungu wenzao, kisha wakarudi ndegeni. Msafwa alikuwepo, lakini kama mbeba mizigo. Mwaka 1937 shirika likahamishia safari kwenye ndege za majini zilizopita pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikabaki na huduma ndogo za Wilson Airways ya Nairobi. Kituo kilipoondoka hakikuacha mazoea yoyote ya biashara kati ya abiria na watu wa vijijini.

Barabara ilifanya kilichoishinda ndege. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia ya bahari kupitia Dar es Salaam, na njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma ikajaa malori ya mafuta na shaba. Ikawekwa lami, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa. Dereva wa lori hana chumba maalumu cha kusubiria. Hushuka pale anapoegesha, akala wali maharage kwa mama lishe, akatafuta fundi wa tairi, akalala gesti. Basi likisimama abiria wakachimbe dawa, wauzaji wanalifikia kabla breki hazijatulia: beseni la parachichi linainuliwa hadi dirishani, ndoo ya viazi inafuata, na chenji inarudishwa gari likianza kusogea. Mbalizi ya leo imekulia hapo, kwenye dirisha la basi na kivuli cha lori.

Mtu atasema hoja hii ni ya idadi tu: ndege ya mwaka 1932 ilibeba watu wachache, malori na mabasi ni mengi, basi. Idadi ina uzito, sikatai. Lakini Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, hupokea katika ndege moja abiria wengi kuliko Imperial Airways ilivyoweza kuwashusha Mbeya kwa safari kadhaa, na wengi wao huipita Mbalizi ndani ya teksi iliyofungwa vioo, wakikimbilia jijini. Watu wapo, lakini mlango wa kuwakutanisha na wenyeji haupo. Mwingine atauliza kwa nini tusifie kucheleweshwa. Hatukusifii. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilijengwa ili kupunguza foleni, na ni haki ya dereva kufika nyumbani mapema. Barabara yenyewe ina gharama zake, na mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi unajulikana kwa ajali za malori. Hata hivyo kusubiri hakuishi, kunahama tu: leo ni foleni, kesho ni ukungu, keshokutwa ni ndege iliyoahirishwa. La kuamua ni nani atanufaika nako.

Kwa msafiri, basi, funzo si kukimbilia kivutio cha mbali. Kimondo cha Mbozi, donge la chuma la urefu wa mita 3 hivi, kinastahili siku yake, si saa tatu za wasiwasi. Mwenye saa tatu aulize kwanza ndege au gari lake litaondoka lini kwa hakika, apange nauli kabla ya kupanda, ashuke Mbalizi sokoni, ale, anunue parachichi, arudi mapema. Kwa wenyeji, kazi ni ndogo lakini ni ya lazima: usafiri wenye bei inayojulikana kutoka uwanjani, na mtu wa kumwambia mgeni ukweli kuhusu muda. Merere hakuhitaji kuandaa hayo, kwa sababu msafara haukuweza kumpita. Teksi inaweza kuipita Mbalizi, na inaipita kila siku.