Taswira ya Diski

Anayeweka VCD ya kwaya kwenye kompyuta, akachagua faili zote na kuzibandika kwenye flashi, amepata faili. Diski hajaipata. Taswira ya diski hubeba kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski, kwa mpangilio wake, pamoja na sehemu zilizo tupu na mabaki ya vilivyofutwa.

Wapo wanaosema "nakala ya diski". Mimi nashikilia taswira, kwa sababu mwenye studio mjini Bunia akiambiwa atoe nakala, atanakili faili tu, kisha diski yenyewe ataitupa. Taswira ni sura nzima ya kitu, nayo ndiyo inayotakiwa hapa.

Muundo wa faili ndio unaoamua kitakachosalia. Sekta ya CD ina baiti 2352. Muundo wa ISO huchukua 2048, na kwa CD ya data hizo zinatosha, maana nyingi kati ya zilizobaki ni za kusahihisha makosa. VCD ni kesi nyingine kabisa: sekta zake za video hutumia baiti 2324 kwa picha na sauti, basi ISO ya kawaida huzikata. Harusi na kwaya zilizorekodiwa kwa VCD zinahitaji BIN na CUE: BIN hushika baiti zote 2352, na CUE, faili fupi ya maandishi, hueleza kila wimbo unaanzia wapi. DVD haina tatizo hilo, ISO inaitosha.

Ituri, jimbo la Bunia mashariki mwa Kongo, ina sababu nzito ya kujali haya. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, kwa kuwatumia watoto vitani, ushahidi ulijumuisha video ya kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003. Video ya namna hiyo lazima ithibitike kuwa haijaguswa. Kwa hiyo hukokotolewa hashi, alama fupi inayotokana na baiti zote za faili, kwa mfano SHA-256: ikibadilika biti moja tu, hashi nayo hubadilika. Muundo wa E01, unaotumiwa na wachunguzi, huhifadhi hashi na maelezo ya kesi ndani yake. Taswira ghafi, yaani yenye baiti za diski pekee, haina nafasi hiyo, kwa hiyo hashi yake iandikwe pembeni.

Diski kuu ya kompyuta iliyoharibika nayo isomwe kwa ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza sekta zinazosomeka, kisha huzirudia zilizogoma, na faili yake ya ramani huonyesha zilizokosekana. Ramani hiyo itunzwe pamoja na taswira.