Langalanga ni Jina Letu

Kiswahili kina jina la mbio za magari ambalo wengi hulitamka bila kujua kwamba lina kwao. Langalanga. Watangazaji hulitumia wakisoma habari za Formula One, magazeti hulichapa, na huku Mombasa, mitaa ya Likoni na Kisauni, linamtosha yeyote anayetaka kusifu au kulaani mwendo wa kasi. Karibu na Gilgil, Bonde la Ufa, kuna mahali paitwapo Langalanga, na katika miaka ya 1950 magari yalishindanishwa hapo. Siamini kwamba ni sadfa. Jina la mahali limekuwa jina la mchezo, nasi tunalo bila kumkopa mtu.

Kinachoniudhi ni tunavyolitapanya. Hata Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, huitwa langalanga. Rali ni jambo lingine kabisa: kila gari huondoka kwa zamu yake, hushindana na saa kwenye vumbi na matope, na dereva huwa na mwenzake pembeni anayemsomea njia. Langalanga ni magari yaliyoachiwa pamoja kwenye njia moja ya kuzunguka, na anayevuka mbele ya wenzake ndiye mshindi. Ndani ya langalanga mna ukoo mmoja maalumu: yale magari membamba ya kiti kimoja, tairi zote nne zikiwa nje ya bodi. Nimeona yakiandikwa “magari ya magurudumu wazi”. Maneno hayo hayana ladha. Kwa lugha ya gereji za Changamwe, hilo ni gari lisilo na madigadi, na fundi akishasema hivyo hakuna la kuongeza.

Kukosa madigadi si urembo tu. Tairi inapokwenda mbele, upande wake wa nyuma huwa unapanda. Tairi ya gari linalofuata ikigusa hapo, gari zima laweza kurushwa hewani. Tarehe 16 Oktoba 2011, huko Las Vegas, kwenye uwanja wa umbo la yai wenye kona zilizoinuliwa, magari 15 ya aina hiyo yaliparamiana na dereva Dan Wheldon akafariki. Gari jipya alilokuwa amelifanyia majaribio likaitwa DW12 kwa heshima yake, nalo lilikuja na vifuniko nyuma ya tairi za nyuma. Wapo mashabiki walioyachukia madigadi yale nusunusu, wakisema gari limepoteza sura yake. Mwaka 2018 yakaondolewa. Nawaelewa wenye kupenda mchezo ubaki na umbo lake, lakini uhai wa dereva hauwezi kupimwa kwa sura ya gari.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha jina la magari hayo huko Marekani. Mbio za maili 500 za Indianapolis zilianza mwaka 1911, na kutokana na mji huo Wamarekani wakapata neno IndyCar. Mwaka 1996 Tony George, mkuu wa uwanja wa Indianapolis, alianzisha ligi yake mwenyewe. Timu kubwa zikabaki na ligi ya zamani, CART, na ugomvi ukafika mahakamani. Mapatano yakawa kwamba pande zote mbili ziliache jina la IndyCar hadi msimu wa 2002 umalizike. Fikiria shabiki aliyelelewa na neno hilo: magari yapo, uwanja upo, neno limefungiwa. Ligi ziliungana tena mwaka 2008, na wapenzi wengi walikuwa wameshahama. Kabla ya hapo, mwaka 2005, uwanja ule ule ulikuwa umewatia uchungu watu wa Formula One: tairi za Michelin hazikuwa salama kwenye kona iliyoinuka, magari 14 yakajitoa, 6 tu yakashindana. Waliolipa viingilio walizomea na kurusha chupa.

Sisi wa pwani tuna kinyongo chetu. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake ni Naivasha, zaidi ya kilomita 500 kutoka Likoni. Formula One haijakanyaga Afrika tangu Kyalami mwaka 1993. Huku kwetu aliye karibu zaidi na gari lisilo na madigadi ni mtoto anayeendesha go-kart Bamburi. Lakini Desemba 2024 Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inataka kuandaa Formula One. Ikifaulu, mbio zitafika mlangoni pa wasema Kiswahili, na mtangazaji atahitaji maneno yaliyo tayari mdomoni.

Basi, wahariri na watangazaji, nawaomba: rali iitwe rali. Uwanja wa umbo la yai uitwe mzingo. Langalanga iachiwe mbio za kuzunguka, na magari ya kiti kimoja tuyaite langalanga ya tairi nje. Anzeni na habari za michezo za Jumapili hii.