Elektrodi ya Kinyunga cha Kaboni: Istilahi na Kazi Yake Simiyu

Mto Simiyu hukusanya maji ya mvua ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu na kuyamwaga Ziwa Victoria upande wa Magu. Njiani maji hayo hupita kwenye mashamba ya pamba yanayopuliziwa dawa za wadudu kila msimu, na Kanda ya Ziwa kwa jumla ni nchi ya wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki. Anayetaka kujua kama ndoo ya maji ina risasi au zebaki hawezi kutegemea macho wala ulimi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni. Kiasi hicho hakionekani, hakinuki, na mitambo mikubwa ya kukipima hukaa katika maabara za miji mikubwa.

Ipo zana ndogo inayoweza kufika kiwango hicho, na jina lake la kimataifa, “carbon paste electrode”, hufupishwa CPE. Mimi napendekeza tuiite elektrodi ya kinyunga cha kaboni.

Wapo wanaosema “rojo ya kaboni”, lakini rojo humiminika, na kitu hiki hakipaswi kumiminika hata kidogo. Wengine husema “lahamu”, neno ambalo fundi redio amekwisha kulichukua kwa kazi yake. Kinyunga ni donge la unga uliokandwa, na ndivyo elektrodi hii inavyotengenezwa: unga laini wa grafiti hukandwa na mafuta ya parafini katika kinu kidogo, mara nyingi grafiti sehemu 70 na mafuta sehemu 30 kwa uzito, mpaka ushikamane. Donge hushindiliwa katika mrija wa plastiki au wa kioo, waya wa shaba hupitishwa nyuma yake, kisha uso wa mbele husuguliwa juu ya karatasi nyororo hadi ung’ae. Uso ukichafuka, donge husukumwa kidogo nje, hukatwa, na uso mpya husuguliwa. Hapo ndipo unafuu wake mkubwa ulipo.

Aliyeibuni ni Ralph Norman Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1958. Wakati huo wanakemia walitumia elektrodi ya matone ya zebaki, msingi wa ugunduzi wa Jaroslav Heyrovský wa mwaka 1922 uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Adams alitaka kaboni itone kama zebaki. Haikutona vizuri, lakini mchanganyiko mzito aliobaki nao ulifanya kazi kuliko alivyotarajia. Mwaka 1964 mwanafunzi wake wa zamani, Theodore Kuwana, pamoja na mwenzake French, walichanganya misombo mingine ndani ya kinyunga, na hapo ikazaliwa elektrodi ya aina ya pili.

Jina la hiyo ya pili ndilo linalosumbua watafsiri. “Iliyoboreshwa” ni sifa ya tangazo la biashara, haimwambii msomaji kilichofanyika. “Iliyorekebishwa” hudokeza kwamba ilikuwa mbovu. Kiswahili kina kitenzi kuunga, chenye maana ya kuunganisha na pia ya kutia viungo katika chakula, na maana zote mbili zinafaa hapa: kitu kimeongezwa, nacho kinaunganisha elektrodi na kile kinachotafutwa. Basi ni kinyunga kilichoungwa, na kinachotiwa ni kiungo.

Kiungo ndicho kinachoamua elektrodi itakamata nini. Misombo yenye salfa hushika zebaki kwa nguvu. Udongo wa mfinyanzi wa jamii ya montimorilonaiti una matabaka yenye chaji hasi, hivyo huvuta ayoni chanya za risasi na kadimiamu zikatulia ndani yake. Baada ya kukusanywa, metali hubadilishwa kuwa atomi kwa volti hasi, kisha volti hupandishwa polepole. Kila metali huondoka kwa volti yake: risasi takriban volti 0.5 chini ya sifuri ya elektrodi rejea ya fedha, kadimiamu chini zaidi. Mkondo unaopanda wakati huo ndio kipimo cha wingi wake.

Kwa dawa za pamba kiungo huwa kimeng’enya cha asetilikolinesterasi, ambacho hulemazwa na viuadudu vya jamii ya oganofosfeti. Kazi yake ikipungua, mkondo hupungua. Dawa za jamii ya pairethroidi hazikilemazi, kwa hiyo elektrodi hiyo haitaziona. Wala zana hii si ya kwanza kuifikiria kwa floridi ya visima vya Meatu; kipimo cha kawaida cha floridi ni elektrodi ya fuwele ya lanthanamu floridi, ya mwaka 1966.

Kasoro zipo pia. Vinyunga viwili havilingani kikamilifu, na mabaki ya mimea katika maji ya mto hufunika uso. Kwa hiyo kila sampuli hupimwa mara ya pili baada ya kuongezewa kiasi kinachojulikana cha metali, na baadhi hupelekwa maabara kuthibitishwa.

Hata hivyo malighafi tunazo. Bariadi ina udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika kwa sababu ya mfinyanzi unaovimba, wa aina ileile ya montimorilonaiti. Grafiti imo Mahenge na Ruangwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba wa namna hiyo hauna meno pasipo vipimo. Idara za kemia za vyuo vyetu ziuchukue udongo wa mbuga, ziusafishe, ziunge nao kinyunga, zikijaribu kwa maji ya Mto Simiyu, na ziandike matokeo kwa Kiswahili ili diwani wa kata na kamati ya maji ya kijiji waweze kuyasoma.