Sarsuela: Mchezo Unaosema na Kuimba

Mwanafunzi wa Kihispania anayependa mambo ya jukwaani hapati taabu na maneno ya mwanzo. Teatro, drama, tenor, orquesta: hayo atayakisia hata kabla ya kufungua kamusi. Taabu huanza anapokutana na zarzuela. Akiambiwa kuwa ni opera ya Kihispania, ataingia ukumbini na kushangaa: orkestra inanyamaza, waimbaji wanaacha kuimba na kuanza kugombana kwa maneno makavu kama majirani wa uani.

Chanzo cha neno ni kichaka. Zarza ni mmea wa miiba, na karibu na Madrid palikuwa na mahali palipojaa mimea hiyo. Hapo ndipo lilipojengwa jumba la Zarzuela katika karne ya 17. Mfalme Felipe IV alikwenda huko kuwinda na kustarehe, naye akaonyeshwa michezo iliyochanganya mazungumzo, nyimbo na ngoma. Mmojawapo, El golfo de las sirenas wa Pedro Calderón de la Barca, ni wa mwaka 1657. Jina la jumba likahamia kwenye mchezo. Jumba lenyewe bado ni makazi ya kifalme, kwa hiyo redio ya huko ikisema Zarzuela imetoa taarifa, mtu asidhani waimbaji wamegoma. Na mkahawani zarzuela ni mchuzi wa samaki, kamba na kome waliopikwa pamoja.

Kinachoitenga na opera ya Kitaliano ni yale mazungumzo. Katika opera ya aina hiyo hata salamu huimbwa. Katika zarzuela sehemu za kusemwa huitwa hablado, na maneno ya kuimbwa huitwa cantables. Wimbo wa mtu mmoja ni romanza, na mwanamke wa sauti ya juu ni tiple.

Sasa kwa Kiswahili tuiiteje? "Tamthilia ya muziki" inaelekea kufaa, ila Tanzania ya leo ukitaja tamthilia, wengi wanafikiria mfululizo wa runinga, ule wa Kituruki au Kifilipino unaokatika pale palipo patamu. Ngonjera ina majibizano, lakini ni ya kishairi na haihitaji orkestra. "Mchezo wa kusema na kuimba" ni maelezo mazuri. Kama jina, ni refu mno kwa bango la ukumbini.

Wafilipino walishalimaliza jambo hili. Walilipokea neno, wakalitamka kwa midomo yao, likawa sarsuwela. Na mwaka 1902 Severino Reyes akaandika Walang Sugat kwa Kitagalogi, mchezo kuhusu mapambano dhidi ya Uhispania yenyewe. Kuba nako Gonzalo Roig alitoa Cecilia Valdés mwaka 1932, yenye midundo ya Kikuba. Aina ya sanaa inayosafiri na jina lake haina haja ya kubatizwa upya kila bandari. Kiswahili kiseme sarsuela, wingi sarsuela. Watu wa Madrid hutamka z kama th yetu ya thelathini, sauti ambayo sisi tunayo; lakini sehemu za Andalusia, na Amerika ya Kusini, husema s, nayo ni nyepesi zaidi ulimini.

Ndani ya sarsuela, género chico ndiyo inayotaka tafsiri, na hapo ndipo mtu hujikwaa. Chico ni "dogo", lakini udogo huo ni wa muda tu. Baada ya mapinduzi ya 1868 uchumi ulikuwa mbaya, na kumbi za Madrid zikaanza kuuza tiketi za bei nafuu za michezo ya kitendo kimoja ya kama saa moja, mmoja baada ya mwingine usiku uleule. Teatro Apolo ndio uliovuma zaidi. Huko, mwaka 1894, ilitoka La verbena de la Paloma ya Tomás Bretón: mzee mwenye duka la dawa anatongoza wasichana wawili, na kijana mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji anawaka wivu, wote wakisema Kihispania cha mitaani.

"Sarsuela fupi", basi, wala si "sarsuela ndogo". Bretón mwenyewe alipigania kwa miaka mingi opera kamili ya Kihispania, na mwaka 1889 akatoa Los amantes de Teruel. Kazi yake inayopendwa kuliko zote ni ile ya mzee wa duka la dawa.